Soketi ya Kitanda cha Tisa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi fundi viatu alikuwa ameinama juu ya shingo ya binti yake, ameshika mpira mwembamba kwa vidole viwili, kama mtu anayetunga uzi kwenye tundu la sindano. Aliupenyeza kwenye kibomba kilichochomoza kooni mwa mtoto, akahesabu mpaka tano kimoyomoyo, akautoa taratibu huku akiuzungusha. Mashine ikakoroma. Makohozi yakapita mpirani, yakadondoka kwenye chupa. Mtoto akavuta pumzi ndefu, na uso uliokuwa umekunjamana ukakunjuka.

"Haya, bosi," baba akasema. "Barabara iko wazi."

Mtoto hakujibu. Alikuwa na miaka minne na hakuwa na sauti. Miezi mitatu nyuma alikunywa dawa ya kuzibulia mabomba, ambayo mpangaji wa chumba cha pili aliiweka kwenye chupa ya soda. Koo likaungua, likavimba, likaziba, na madaktari wakamtoboa shingoni apate pa kupitishia hewa. Hewa inayopita shingoni haifiki kwenye sauti. Kwa hiyo wakampa kijiko. Akigonga chuma cha kitanda mara moja moja, ana kiu au anacheza. Akigonga mara tatu za haraka, makohozi yameziba, na aliye karibu aache alilonalo mkononi, akimbie.

Wodi nzima ilijua hesabu hiyo, hata watoto.

Sista aliingia kupokea zamu akiwa bado anafunga vifungo vya gauni. Mwenzake wa usiku alimsomea taarifa huku ameshavaa mkoba begani. Watoto thelathini na sita, vitanda ishirini na nane, muuguzi mmoja. Dripu ya kitanda cha nne inavuja. Kitanda cha ishirini amepata degedege alfajiri. Akamaliza, akaondoka kama mtu aliyeachiwa na polisi.

Sista huyu alikuwa na miaka arobaini na sita na magoti ya miaka sitini. Wamama wa wodini walimwita Sista Subiri, maana kila aliyemwita alijibiwa "subiri, nakuja", na kweli alikuja, ila baada ya kupita kwa wengine kumi. Naye aliwaita kwa namba za vitanda, kama ilivyokuwa desturi pale. Ukilazwa na mtoto kitanda cha tano, wewe ni Mama Tano mpaka siku ya kuondoka, kisha jina linabaki kitandani linamsubiri mwingine. Fundi viatu alikuwa Baba Tisa, mwanamume pekee wodini. Mke wake alikuwa nyumbani na kichanga cha miezi miwili, na sheria ilisema wanaolala na watoto ni wanawake tu. Sista Subiri aliisoma sheria hiyo siku ya kwanza, akamwangalia yule mtu na mikono yake, akamfundisha kutumia mashine.

"Umelala?" akamuuliza sasa.

"Nililala saa ngapi sijui, ila niliamka mara tisa. Kwa hiyo lazima nililala."

Baba Tisa aliosha chupa ya mashine, akakausha mpira, akauviringisha kwenye kitambaa safi. Kisha akaifunika mashine kwa kifuniko alichoshona mwenyewe kwa vipande vya ngozi nyeusi, mshono mara mbili, kamba ya kukaza chini, kama kiatu cha mkubwa fulani. Vumbi la wodini lilikuwa limeshaiua mashine ya kwanza. Hii ya pili aliapa haitakufa mikononi mwake.

"Ungenishonea na mimi cha namna hiyo," alisema Mama Kumi na Moja kutoka upande wa pili wa njia. "Nijifunike, nikazwe kamba, nilale mpaka mwezi ujao."

"Ngozi haitatosha, mama."

"Mshenzi wewe!" Akacheka mpaka mwanawe akacheka naye. Mtoto huyo alikuwa wa miaka tisa, paja limevunjika, mguu umening'inizwa kwa mawe yaliyofungwa kwenye kamba, wiki ya tano. Mama yake ndiye aliyekuwa msimamizi wa karatasi. Karatasi ilibandikwa ukutani, kando ya chati ya joto la mwili, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: nani anaangalia dripu za upande wa dirisha, nani wa upande wa mlango, nani anachota maji, nani anawakalia watoto ambao mama zao wameenda kufua. Hakuna kiongozi aliyewahi kuiidhinisha karatasi ile. Wodi ilikuwa inatembea kwa karatasi ile.

Harufu ya rangi ilikuwa bado inachoma macho. Ukuta ulipakwa jana mchana, vitanda vikiwa humohumo, na watoto wawili wa pumu walikohoa usiku kucha. Rangi ilipita juu ya soketi pia. Soketi zilikuwa nane; saba zilikuwa pambo. Iliyofanya kazi ni moja tu, ile ya kitanda cha tisa.

Saa moja na robo Katibu wa hospitali akaingia na karatasi mkononi. Alikuwa mtu mwembamba, viatu vinang'aa, anatembea kama anaogopa kukanyaga kitu. Alisimama mbele ya karatasi ya zamu ya wamama, akaisoma, akaibandua, akaikunja mara nne.

"Sista, saa mbili kamili nataka wodi iwe na wagonjwa tu. Mgeni rasmi anaingia saa nne. Akina mama wote nje ya geti mpaka atakapoondoka."

"Wote?"

"Wote. Na hawa wanaolala wawili wawili, wanane waende chumba cha mazoezi. Mtoto mmoja, kitanda kimoja. Mgeni asione soko hapa."

"Nani atawahudumia?"

"Wauguzi."

"Wako wapi?"

Katibu alimwangalia kana kwamba ameulizwa jambo la aibu. "Wewe si muuguzi? Na nimekupangia wanafunzi wawili."

"Wanafunzi wako uani wanafunga maputo. Nimewapita."

"Wakimaliza watakuja."

Sista Subiri akaelekeza kidole kitanda cha tisa. "Yule mtoto anatakiwa kunyonywa makohozi kila nusu saa. Wakati mwingine kabla. Baba yake abaki."

"Huyo ndiye wa kwanza kutoka," Katibu akasema. "Mwanamume anafanya nini wodi ya watoto? Unajua hilo peke yake ni kosa?"

"Kosa lile limemweka hai miezi mitatu."

"Sista. Kila kitu na utaratibu wake."

"Mheshimiwa," Baba Tisa akaingilia, mikono nyuma, sauti ya chini, "mimi nitakaa chini ya kitanda. Hata kiatu changu hakitaonekana. Mgeni akipita—"

"Chini ya kitanda!" Katibu akageuka kuwatazama wamama, kama anatafuta mashahidi. Hakupata hata mmoja. "Saa mbili kamili," akasema, akatoka.

Wakatoka. Watoto wanane wakahamishiwa chumba cha mazoezi cha jirani, mlango ukaachwa wazi Sista awasikie. Kulikuwa na vilio, na vitisho vya kuondoka na watoto moja kwa moja, na Mama Kumi na Moja alisema maneno kuhusu mama yake Katibu ambayo hayaandikiki. Lakini walinzi wawili walisimama mlangoni, na mtu mwenye mtoto kitandani hana nguvu ya kugomba. Baba Tisa alikuwa wa mwisho. Alimnyonya mtoto makohozi mara moja zaidi. Akaosha chupa, akakausha mpira, akafunika mashine, akakaza kamba. Kijiko akakiweka kwenye kiganja cha mtoto na kuvikunja vidole vyake kimoja kimoja.

"Sista yupo. Ukitaka, gonga. Mimi niko pale getini, siendi popote."

Mtoto akagonga mara moja. Akagonga tena mara moja. Alikuwa anacheza.

"Nusu saa, Sista," Baba Tisa akasema.

"Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Najua. Nasema tu."

Saa mbili mpaka saa nne kasoro, Sista Subiri hakukaa. Watoto waliokuwa wamezoea mikono sabini sasa walikuwa na mikono miwili. Kitanda cha nne dripu ilivuja ikalowesha godoro. Kitanda cha kumi na saba alichomoa sindano mwenyewe akapaka damu kwenye ukuta mpya. Mmoja alijisaidia, akaanza kulia, na kilio kikahama kitanda kwa kitanda kama moto wa nyasi. Alikimbilia kitanda cha tisa kila mara aliposikia chuma. Alifungua kifuniko, akanyonya, akafunika. Mtoto wa paja akawa msaidizi wake, akipiga kelele kutoka kwenye kamba zake: "Sista! Ishirini anatikisika! Sista, Tisa anagonga, ila moja moja!"

Wanafunzi hawakuja. Walipewa maua washike.

Saa nne kasoro dakika kumi, kitanda cha ishirini akashikwa na degedege kweli. Kitanda hicho kilikuwa mwisho kabisa wa wodi, nyuma ya kabati. Sista alimgeuza ubavu, akatafuta mshipa kwenye mkono mdogo unaoruka, akaukosa, akaupata, akasukuma dawa. Wakati huo vijana wawili wa spika waliingia na waya wa kurefushia umeme. Tenti lilikuwa limefungwa uani, chini ya dirisha la wodi. Walijaribu soketi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Walipofika ya kitanda cha tisa wakaona taa ndogo ya soketi inawaka.

"Hapa kuna kitu kimechomekwa," mmoja alisema.

Mwenzake akatazama ile mashine, iliyofunikwa ngozi, imekazwa kamba, haina hata chembe ya vumbi. "Hii haitumiki. Bado iko kwenye vazi lake. Chomoa."

Mtoto wa paja aliwaona. Aliita, "Kaka, hiyo ni ya Tisa!" Lakini nje spika zilikuwa zimeshaanza kulia, na wale vijana walikuwa wameshapitisha waya dirishani.

Sista aliporudi kutoka nyuma ya kabati, Matroni alikuwa mlangoni na aproni jipya lililopigwa pasi.

"Vaa. Njoo kwenye mstari wa mapokezi. Mgeni amefika."

"Matroni, niko peke yangu humu."

"Dakika kumi. Anashika mikono, anasema mawili matatu, anaingia. Kila wodi lazima iwe na mtu kwenye mstari. Unataka aulize muuguzi wa watoto yuko wapi?"

"Ningependa sana aulize."

"Dada," Matroni akasema kwa sauti ya chini, na uso wake ukawa wa mtu aliyechoka, si wa mkubwa. "Mimi nastaafu mwezi wa sita. Usinifanyie hivi. Dakika kumi."

Sista Subiri alienda kitanda cha tisa, akasikiliza pumzi kwa sikio. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo, si mbaya. Alikuwa amemnyonya makohozi dakika ishirini zilizopita. Mtoto wa paja alianza kumweleza kitu, lakini muziki wa spika ukapanda tena ukameza maneno yake. Akavaa aproni.

Mgeni rasmi alishuka kwenye gari saa nne na dakika tano. Alishika mikono. Mkono wake ulikuwa laini na ulikuwa unanukia. Kisha akapanda jukwaani na kuanza kuwashukuru wote waliokuja, mmoja mmoja, kwa vyeo vyao.

Spika zilikuwa mbili, kila moja ndefu kuliko mtu, zimeegemezwa ukutani mwa wodi. Maneno yalitoka humo kama mawe. Mgeni alisema mtoto ni taifa la kesho. Akasema uuguzi ni wito. Akasema siku zile za mgonjwa kuhudumiwa na ndugu zake zimepita, sasa ni utaalamu, na akaomba makofi akapewa. Sista alikuwa wa tatu kwenye mstari. Alijaribu kusikia kupita kwenye yale maneno, kama mtu anayejaribu kuona kupita kwenye ukuta. Alitazama saa kwenye kifua cha Matroni. Dakika kumi ziliisha. Zikaisha kumi na tano.

Getini, hatua sitini kutoka pale, wamama walikuwa wamejazana kwenye nondo. Baba Tisa alikuwa mbele. Hakuwa na saa, lakini mtu aliyeamka mara tisa kila usiku kwa miezi mitatu ana saa mwilini. Akatoa kisu chake cha kukatia ngozi kwenye mfuko wa shati, akakigeuza mpini mbele, akagonga nondo ya geti.

Mara tatu za haraka.

Mgeni alikuwa anavuta pumzi kati ya sentensi mbili. Ile milio mitatu ikapita.

"Wee, acha!" mlinzi akafoka. Baba Tisa akagonga tena. Mlinzi akamkaba shati. Mama Kumi na Moja akavua kiatu akaendelea yeye, na mama mwingine, na mwingine, tatu, tatu, tatu, mpaka watu waliokaa kwenye viti vya plastiki wakageuka kutazama, na Katibu akaanza kutembea haraka kuelekea getini huku akitabasamu kwa ajili ya wageni.

Sista Subiri alitoka kwenye mstari. Matroni alisema kitu. Hakukisikia.

Wodini mtoto wa paja alikuwa analia, sauti imekauka kwa kuita. "Kijiko kimeanguka, Sista! Aligonga sana! Kijiko kimeanguka!"

Kijiko kilikuwa sakafuni. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya wino. Kifua kilikuwa kinavutwa ndani, mbavu zinahesabika, na pale kwenye kibomba hakukuwa na mlio wowote. Sista alirarua kamba ya kifuniko kwa mkono mmoja na kubonyeza swichi kwa mwingine. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Akafuata waya wa mashine kwa macho mpaka ukutani, akaona ncha yake imelala chini, na kwenye soketi kuna waya mwingine, mweupe, mnene, unaopanda dirishani.

Aliushika kwa mikono miwili akauchomoa.

Dunia ikanyamaza. Nje mgeni rasmi alibaki anafungua na kufunga mdomo katikati ya neno "maendeleo". Ndani waya wa mashine ukarudi kwenye soketi, mashine ikakoroma. Mpira ukaingia, donge zito likagoma, likagoma, likatoka. Sista akanyonya mara ya pili. Mtoto hakuvuta pumzi. Akamgeuza, akamsugua mgongo kwa nguvu, akamrudisha. "Vuta, bosi," akasema. Hakujua kwa nini alitumia neno la baba yake. "Vuta."

Akavuta. Mlio mbaya, kama mlango wenye kutu, lakini ulikuwa mlio. Katika ukimya ule uliwafika mpaka watu wa viti vya mbele.

"Umeme wetu huu!" mgeni akasema kwa sauti yake mwenyewe, na watu wakacheka. "Hata mimi unanikatia! Sasa nitatoa agizo papa hapa: hospitali hii ipate jenereta!" Makofi. Vigelegele. Katibu, kutoka getini, alipiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa.

Kisha wakaingia wodini. Mgeni aliweka mkono kwenye kichwa cha mtoto wa kitanda cha tisa, ambaye macho yalikuwa mekundu na jasho linamtiririka, na mpiga picha akaomba asogee kidogo upande wa dirisha. Mgeni akaokota kifuniko cha ngozi, akakipapasa.

"Mnatunza vifaa vizuri. Hiki kimetoka nje?"

"Ni vifaa vya kisasa, mheshimiwa," Katibu akasema.

Sista Subiri alifungua kinywa. Matroni akamkanyaga mguu. Na kwa kuwa mtoto alikuwa ameanza kukwaruza tena, Sista akainama kufanya kazi yake, mgongo ukiwaelekea. Mgeni alikuwa amenyoosha mkono kumpongeza. Mkono ukabaki hewani kidogo, ukarudi mfukoni.

Waliacha midoli arobaini. Msafara ulipotoka, karani akaihesabu na kuifungia kwenye kabati la ofisi, isipotee.

Saa saba geti likafunguliwa. Wamama waliingia mbio. Mama Kumi na Moja alimkuta mwanawe hana sauti kabisa, akadhani anaumwa koo. Sista akamweleza, na yule mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda akamshika mwanawe mguu ule mzima.

Baba Tisa hakuingia. Kulikuwa na tangazo jipya getini, wino haujakauka: wanaume ni saa kumi mpaka saa kumi na moja tu, na yeye hata saa hiyo asiingie, kwa kosa la kuvuruga shughuli rasmi.

Saa nane Sista akaitwa kwa Katibu. Barua ilikuwa imeshapigwa chapa. Aeleze kwa maandishi, leo hiyohiyo, kwa nini alikata hotuba ya mgeni rasmi, na kwa nini alimruhusu mtu asiye mtumishi kufanya kazi ya kiuguzi. Wakati suala linashughulikiwa, kuanzia kesho asubuhi atakaa dirisha la kadi.

"Na wodini nani?"

"Atapatikana."

Alikaa palepale, akaandika kwa mkono: *Wodi ya watoto ina soketi moja inayofanya kazi. Nimeandika kuhusu soketi hizo mara sita, nakala ziko kwenye faili lako. Leo soketi ilitumika kwa spika. Mtoto hakuwa anapumua. Kuhusu mtu asiye mtumishi, wako thelathini na tano, na leo uliwatoa wote.*

Katibu akasoma. Akapaka kidole mate, akarudia ukurasa uleule kana kwamba kuna wa pili. "Hujajibu swali," akasema.

"Uliza lingine."

Saa kumi na mbili jioni mwenzake wa usiku akaja. Safari hii alikuwa amepangiwa wodi mbili, ya watoto na ya majeruhi, na kati yake kuna korido ndefu na ngazi. Alisikiliza taarifa akiwa amesimama. Taarifa ilipofika kitanda cha tisa alikaa.

"Kila nusu saa?"

"Au kabla."

"Dada, mimi nitakuwa kule juu. Hata akigonga kwa nyundo."

"Najua."

"Mama Kumi na Moja je?"

Mama Kumi na Moja alikuwa amejaribu tangu geti lifunguliwe. Vidole vyake vilikuwa vinene na vilitetemeka, na mara mbili mtoto alitoka damu. "Mimi nabeba magunia," alisema, karibu alie. "Sikuumbwa na kidole cha kazi hii."

Sista Subiri alivua aproni, akachukua mkoba, akaaga. Lakini hakutokea mbele. Alipita jikoni, akapita chumba cha kufulia, akafika mwisho wa korido ambako kuna mlango wa bati wa rangi ya kijivu. Huko ndiko hutolewa waliokufa, kwa kitoroli, kuelekea chumba cha maiti. Mlango ule haukuwahi kuwekewa mlinzi. Hakuna mkubwa aliyewahi kufikiri kwamba kuna mtu atataka kuingilia pale. Akavuta komeo, akatoka, akazunguka uzio mpaka mbele.

Baba Tisa alikuwa ameketi kwenye jiwe, shati limechanika kwapani, anashona kiatu cha mlinzi.

"Unamshonea?" Sista akamuuliza.

"Nilidhani akivaa kizuri atasahau. Hajasahau." Akakata uzi. "Mwanangu?"

"Anapumua. Nifuate, usiulize."

Alipouona mlango akasimama. Akaangalia kitoroli cha chuma kilichoegemezwa ukutani, kimeoshwa, kinachuruzika maji.

"Mama Tisa aliyenitangulia," akasema, "nilimkuta siku anaondoka. Alitokea hapa, nyuma ya kitoroli."

"Yeye alitokea. Wewe unaingia."

Akafuta viatu vyake kwenye majani kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Mlangoni akageuka.

"Kile kifuniko mmekiweka wapi? Nisije nikaiacha mashine wazi na vumbi hili."

"Usiifunike tena," Sista akasema.

"Kwa nini?"

"Iache wazi. Iache waione."

Alimtazama. Vijana wa spika alikuwa amewaona wakiingia na waya wao, kutoka pale getini. Kitu kikapita usoni mwake, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Akafungua mdomo.

Ndani, mbali, upande wa pili wa korido, chuma kikalia. Mara tatu za haraka.

Baba Tisa akakimbia. Viatu vyake vilisikika kwenye saruji, kisha jikoni, kisha havikusikika. Sista Subiri alisimama kwenye mlango wa bati akisubiri, mkono kwenye komeo, mpaka aliposikia mashine ikikoroma.

Akausogeza mlango ukakutana na fremu yake. Komeo hakulirudisha.